Mstari wa 345

Walipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, Luthuli,
mweka hazina na kijana wa kubeba kompyuta
iliyofungwa kwa leso kama mgonjwa wa jino.
"Hii ikizima," akasema Bi Kasyoka, "chama kimezima."
Chama cha washonaji wa Kariokor: wanachama mia na sita,
mikopo, riba, faini za kuchelewa,
vyote ndani ya programu moja ya BASIC
aliyoiandika marehemu Mutinda mwaka wa tisini na moja,
usiku, baada ya kufunika cherehani.

Nikaifungua. Mistari ina nambari: 10, 20, 30.
Alihesabu kwa kuruka, fundi yule,
kama anayeacha pindo pana kwenye sare ya mtoto:
atarefuka, tutalifumua.

Nikatafuta kompaila tatu.

Ya kwanza ni ya Windows tu, haijui kuvuka barabara.
Iliimeza programu nzima bila kutafuna,
ikatoa hata samawati ile ile na herufi za njano.
Bi Kasyoka akapiga makofi.
Lakini kompyuta mpya za chama ni za msaada, zina Linux,
na huko ilikuwa ufunguo wa nyumba ya watu.

Ya pili hujigamba kwamba inakwenda kote,
Windows, Linux, hata Mac ya mpwa wa mwenyekiti.
Kwenda inakwenda. Kufika ndiyo kazi.
Iliitafuta WANACHAMA.DAT ikaikosa,
kumbe faili inaitwa wanachama.dat,
na kwenye Linux herufi kubwa na ndogo si ndugu.
Mkwaju wa njia nao umelalia upande mwingine.
LPRINT ikaiita printa. Printa ikanyamaza,
haijawahi kusikia jina hilo.

Ya tatu ni kali kama mwalimu wa zamu.
GOTO haitaki. Kigeu kisichotangazwa, haikitambui.
Ilinirudishia makosa mia mbili na kumi na moja,
nikapasha chai mara mbili, ikapoa mara mbili.
Lakini ndiyo iliyonifungua macho:
kwa Mutinda, namba nzima zilikoma 32767.
Zilikuwa pesa, miaka hiyo.
Leo ni kodi ya miezi miwili Umoja, na maji hujalipa.

Halafu senti. Moja huipandisha nusu daima,
nyingine huipeleka kwenye shufwa iliyo karibu,
na gawio la mwaka likapishana shilingi tatu na nusu.
Nilicheka. Bi Kasyoka hakucheka.
"Nimeona chama kikivunjika kwa mbili."

Siku ya sita nikaufikia, umebanwa kati ya 340 na 350:

345 IF N = 27 THEN F = 0
346 REM NZISA ANAUGUZA MAMA. ASITOZWE.

Kompaila zote, kwenye mifumo yote,
ziliuruka huo wa pili bila kuusoma.
Ndivyo ilivyo REM: mashine haiitafsiri, haiikatai,
inaipisha tu, kama mtu anayepisha jeneza.
Ndio mstari pekee uliovuka kote
bila kupoteza hata nukta.

"Nzisa yupo?"
"Mama yake alizikwa tisini na tatu," akasema.
"Nzisa bado hulipa. Bado huchelewa."
"Basi niufute?"
Aliikunja leso mara nne, akaikunjua, akaikunja tena.
Chini, mtu alikuwa anajaribu spika, *moja mbili, moja mbili*.
"Mutinda alikuwa na miaka kumi na saba ya kuufuta," akasema.

Nikachagua ile kali.
Nikaandika upya siku tisa, nikawatoza nane.
Herufi ndogo kote, kila kigeu na tangazo lake,
senti zikiviringishwa alivyoziviringisha yeye.
345 na 346 nilizihamisha kwa mkono.

Kompaila hii haihitaji nambari za mistari.
Nimeziacha.
Kumi, ishirini, thelathini.